Mama anataka dawa, namwandikia ORS, anaenda kununua Flagyl dukani

MamaTabibu_Uru
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni tabibu wa zahanati huku Uru, Moshi Vijijini. Mwezi uliopita alinifuata mfamasia kutoka mjini. Haikuwa semina ya ukumbini na posho. Alivuta benchi chumbani kwangu, tukafungua rejista, tukahesabu watoto 20 wa mwisho walioharisha. Kumi na wanne nilikuwa nimewaandikia Flagyl, ile antibayotiki. Hakunigombeza, aliuliza tu wangapi walikuwa na damu kwenye choo. Mmoja! Na hata huyo alistahili antibayotiki nyingine, siprofloksasini.

Tangu siku hiyo naandika ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na zinki. Lakini mama akitoka na vipakiti anajiona hajatibiwa, anateremka duka la dawa kununua Flagyl ileile. Naumia. Nakosea wapi kumweleza?

Mfamasia_Moshi
Pole, mama. Na mimi hufanya ziara hizo. Watafiti Avorn na Soumerai walizipima Marekani, wakachapisha mwaka 1983. Waliiga mawakala wa makampuni ya dawa: ana kwa ana, hoja chache, kisha unarudi. Hapa kwetu, Kilimanjaro na Tanga, 2010 hadi 2012, watoa huduma walifundishwa katika vikundi vidogo na kutumiwa meseji, na dawa za malaria kwa wasio na malaria zikapungua. Kwako ziara imemfikia anayeandika, anayeuza bado. Mtembelee vilevile ulivyotembelewa. Anza na wale 14 wako, usianze na makosa yake.

Nesi_Ngaramtoni
Mama, zinki unamkabidhije? Mimi nilikuwa naitaja mwisho kama nyongeza, wakawa wanaitupa. Siku hizi naanza nayo: "Dawa ya mtoto ni hii, kidonge kimoja kila siku, siku 10, hata kuhara kukikoma." Aliye chini ya miezi sita, nusu. Nakiyeyusha kijikoni mbele yake. ORS naichanganya palepale, namkalisha mama amnyweshe kidogo kidogo. Mtoto akichangamka machoni pake, haulizi tena dawa iko wapi.

MamaTabibu_Uru
Dada, umenigusa penyewe. Zinki nilikuwa naitaja mama ameshafika mlangoni. Mwenye duka tunasali naye kanisa moja, Jumamosi nitapita asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mfamasia, ile karatasi ya ukurasa mmoja mnayotuachia, naweza kumtolea nakala?