Naomba ushauri: seli za Purkinje hazionekani kwenye vipande vya serebela nilivyovitia rangi kwa kingamwili ya NeuN

Mwanaserebela:

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wale waliozoea kutia rangi seli za ubongo kwa kutumia kingamwili. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na ninachunguza seli za Purkinje (nyuroni kubwa) katika serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, ya panya wadogo wa maabara. Ubongo ulihifadhiwa katika paraformaldehaidi (kemikali ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 4, ukakatwa vipande vya maikromita 40, na vipande hivyo vikalala usiku kucha kwenye jokofu ndani ya kingamwili dhidi ya NeuN (protini inayotumiwa kama alama ya nyuroni) iliyotokana na panya, ndipo nikaweka kingamwili ya pili ya mbuzi, inayoishika ile ya kwanza, yenye rangi ya kijani.

Chini ya hadubini, tabaka la granula limejaa nukta za kijani zilizobanana, lakini ukingoni mwake, mahali ambapo seli za Purkinje hujipanga safu moja, naona mashimo meusi ya mviringo yanayofuatana. Mishipa ya damu nayo inang'aa kijani kipande kizima. Mwenzangu wa maabara anaamini kwamba seli hizo zimekufa, nami nasita kukubali, kwa kuwa panya wenyewe walikuwa wazima na mwendo wao haukuwa na kasoro. Je, niongeze kingamwili ya kwanza, au nichemshe vipande ili kufichua antijeni, yaani protini ambayo kingamwili huishika? Kingamwili iliyobaki ni kidogo, na kuagiza nyingine kutoka nje huchukua muda mrefu.

Mzee wa Nyuroni:

Ndugu, usiongeze chochote. Mashimo unayoyaona ndizo seli za Purkinje zenyewe. Zipo mahali pake, ila NeuN haizitii rangi hata kwa panya mwenye afya kamili. Kingamwili hiyo, ambayo kloni yake (ukoo wa seli zinazoitengeneza) huitwa A60, ilielezwa na Mullen na wenzake mwaka 1992, na tangu wakati huo ilijulikana kwamba seli za Purkinje, seli za mitra za balbu ya kunusa na seli za retina zinazopokea mwanga hazishiki. Mwaka 2009 ilibainika kuwa protini inayotambuliwa ni Rbfox3, ambayo hushiriki katika kukata na kuunganisha RNA. Seli isiyo na protini hiyo ya kutosha haitang'aa hata ukiimiminia chupa nzima. Inanisikitisha kwamba NeuN bado hufundishwa kama alama ya nyuroni zote, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuandika kwenye tasnifu kwamba seli zimekufa ilhali zi hai.

Tafuta kingamwili dhidi ya kalbindini D-28k, protini inayoshika kalsiamu. Katika gamba la serebela huzishika seli za Purkinje, na uzuri wake ni kwamba huonyesha mwili wa seli, matawi yanayopanda hadi juu ya tabaka la molekuli, na hata aksoni (uzi unaopeleka ishara) inayoshuka. Ukitaka kumridhisha mwenzako mapema, chukua kipande kimoja ukitie kresili violeti, rangi ya kawaida ya miili ya nyuroni, ambayo ni rahisi na haihitaji kingamwili: utaiona safu ya miili mikubwa pale pale penye mashimo.

Bi Hadubini:

Nakubaliana na Mzee. Suala la mishipa ya damu, hata hivyo, lina chanzo kingine. Kingamwili yako ya kwanza imetoka kwa panya na ubongo nao ni wa panya, hivyo kingamwili ya pili, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili za panya, inazishika pia zile zilizobaki kwenye damu ya mnyama. Hakikisha kwa vipande viwili: kimoja kipate kingamwili ya pili peke yake, kingine kisipate kingamwili yoyote. Mishipa iking'aa kwenye kile cha kwanza tu, chanzo ni hicho nilichokitaja. Iking'aa kwenye vyote viwili, huo ni mng'ao wa asili wa chembe nyekundu za damu. Siku zijazo, safisha damu yote kwa maji ya chumvi kupitia moyo kabla ya kuingiza paraformaldehaidi, na inapowezekana utumie kingamwili ya NeuN iliyotokana na sungura. Kwa vipande ulivyo navyo sasa, unaweza kuzifunika kwanza kingamwili za panya zilizomo kwa Fab (sehemu ndogo ya kingamwili) dhidi ya kingamwili za panya.

Fundisanifu:

Kuhusu kuchemsha, mimi nisingechemsha. Myeyuko wa sitreti wa milimola 10 kwa lita wenye pH 6.0, kwenye nyuzijoto 95 za Selsiasi, husaidia tishu iliyokaa muda mrefu mno kwenye formalini, lakini tabaka lako la granula limeng'aa vizuri, kwa hiyo antijeni haijafichika. Vipande vinavyoelea huwa laini vikichemshwa, na hukunjamana unapovipandisha kwenye kioo. Kingamwili iliyobaki igawanye katika mirija midogo ya kutumia mara moja, usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara, na kama umeme wenu hukatika, uwe na chombo chenye barafu karibu.

Mwanaserebela:

Nawashukuru sana. Nimeuliza, na maabara ya jirani wanayo kingamwili ya kalbindini iliyotokana na sungura. Je, naweza kuitumia pamoja na NeuN kwenye kipande kimoja?

Bi Hadubini:

Unaweza, kwa kuwa moja ni ya panya na nyingine ni ya sungura. Zichanganye zote mbili katika myeyuko mmoja wenye Triton X-100 (sabuni inayofungua utando wa seli) ya asilimia 0.3 na seramu ya mbuzi, kisha utumie kingamwili mbili za pili, zote za mbuzi: ya kijani dhidi ya panya na nyekundu dhidi ya sungura, zilizochujwa ili kila moja isishike kingamwili ya mnyama mwingine. Weka pia vipande vilivyopata kingamwili moja moja ya kwanza pamoja na zote mbili za pili, uone kama rangi moja inavujia upande wa nyingine. Kiwango cha kuzimua kalbindini usikinakili kwa jirani moja kwa moja, jaribu viwango vitatu au vinne kwenye vipande vyako mwenyewe. Vipande vya kulinganishia uvipige picha kwa mwanga na muda ule ule wa kamera uliotumia kwenye vipande vya utafiti, la sivyo havitakuambia lolote.