Naomba ushauri: modi za Skyrim ya zamani kwenye Special Edition

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbagala. Modi zangu (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na mashabiki) kama arobaini nilizikusanya enzi za gemu la Skyrim ya 2011, kwenye kompyuta ya braza. Juzi nimepata mashine yangu, nikaweka Special Edition, yaani toleo la baadaye la gemu hilohilo, nikazihamisha zote kwa pupa. Gemu likifika kwenye menyu linajizima, hata kosa halisemi.

Najua ile ni ya biti 32 na hii 64, kwa hiyo zenye faili za DLL (za msimbo wa programu) nishazitupa. Swali ni hizi za nguo na silaha: nikizihifadhi upya kwenye Creation Kit (programu rasmi ya kuhariri gemu hili) inatosha, au na maumbo yake ya 3D lazima yageuzwe? Na kwa ajili ya SKSE (programu ya ziada ambayo modi nyingi huitegemea), nibaki kwenye toleo la gemu 1.5.97 au nipande 1.6? Bando la kuungaunga, kupakua zote upya siwezi.