Mrejesho: Haskell au Elm kwa kutengeneza tovuti?

Wakuu, niliwauliza nianze na lugha ipi ya programu kati ya Haskell na Elm, mimi niliyezoea JavaScript na ninayetaka kujifunza programu za mtindo wa funksheni. Wengi mlisema Elm, nikawasikiliza.

Kilichonikamata ni Maybe, aina ya data ya Elm kwa kitu kinachoweza kuwepo au kukosekana. Ukiomba kitu cha kwanza kwenye orodha kwa List.head, unapewa Just na kitu chako ndani, au Nothing, na kompaila (inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) haikuachii mpaka useme orodha ikiwa tupu ifanyike nini. Kwenye JavaScript ningekutana na undefined (yaani thamani haipo) mteja akiwa ameshafungua ukurasa. Kumbe hata Redux, maktaba ya JavaScript ya kutunza hali ya programu, ilichota mawazo huku kwa Elm!

JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) inachosha jamani, kuandika dikoda za kila kitu, yaani msimbo wa kuigeuza iwe data za Elm, ni kazi ya punda. Ila fomu ya oda niliyoiandika kwa Elm iko hewani tayari. Haskell itasubiri.