Naomba ushauri: baba anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki

Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 61, alipata kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kushoto wa ubongo. Kutembea anatembea, mkono wa kulia bado mzito. Shida kubwa ni kuongea. Daktari anasema ni afasia: akili yake iko palepale, kilichoharibika ni uwezo wa kuyapata maneno na kuyatoa.

Anataka kusema "maji", inatoka "mlango". Mwenyewe anajua amekosea, basi anapiga meza kwa hasira. Cha ajabu, kuhesabu moja hadi kumi anaweza, na nyimbo za zamani anaziimba na maneno yake yote! Mtaalamu wa tiba ya usemi ametuambia hilo hutokea sana, na kuimba kunaweza kutumika kama zoezi. Ila tunamwona mara moja kwa wiki, nusu saa tu.

Ametuelekeza tuulize maswali ya ndiyo au hapana, tutumie picha na ishara, tusimmalizie sentensi. Hilo la mwisho limemshinda mama kabisa, wala simlaumu.

Waliopitia haya, nyumbani mlifanya mazoezi kwa muda gani kwa siku bila kumchosha mgonjwa? Kuna aliyeendelea kupata nafuu baada ya miezi sita? Watu wanatutisha kwamba ikipita hapo basi tena. Na wageni wanaomwongelesha kwa kelele kama kiziwi, mnawaambiaje? Siku hizi akisikia hodi tu, anaingia chumbani.