Mjadala: Je, oksijeni ndiyo iliyojaza wanyama kwenye bahari ya kale?

Mleta mada, Moshi

Wadau, salaam. Hoja hii imetugawa walimu wa sayansi hapa mjini. Wengi wanasema oksijeni ilipanda baharini, na ndiyo maana yapata miaka milioni 540 iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha kale kiitwacho Kambria, wanyama wa kila aina wakafumuka. Mimi nasema tunaikuza mno. Utafiti wa mwaka 2014 ulimweka sifongo, mnyama sahili wa baharini, kutoka Denmark kwenye maji yenye oksijeni chini ya asilimia 5 ya kiwango cha leo, naye akaendelea kuishi. Oksijeni ilitoa ruhusa tu. Msukumo ulitoka kwingine.

Kwenye kufa ndiko naiona nguvu yake. Miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia ziliipasha dunia joto. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, na mwili wa kiumbe kwenye joto hudai oksijeni zaidi. Spishi za baharini zilizopotea ni zaidi ya nane kati ya kumi.

Anayefuga samaki huku uchaggani ananielewa. Bwawa likizidishiwa samadi, maji hugeuka kijani. Mwani nao huvuta oksijeni usiku kucha, na alfajiri unawakuta sato wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Kukipambazuka na mawingu mazito, wengine wanaelea. Kambare yumo humohumo na hana shida, maana ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu.

Mchangiaji, Usa River

Mwalimu, kwa heshima zote, sifongo hatembei wala hawindi. Leo hii, kwenye sakafu za bahari zenye oksijeni kidogo sana, minyoo wanaowinda ni wachache mno. Waliobaki wanakula mabaki ya matopeni. Kambria ilileta macho, magamba magumu na viungo vya kukamatia mawindo. Maisha ya namna hiyo yanakula oksijeni. Hiyo siyo ruhusa tu.

Mleta mada

Dada, hoja ya wawindaji ni nzito, na ndiyo pekee inayonitikisa. Ila inaonyesha kiwango cha chini walichohitaji. Haionyeshi kwa nini walitokea wakati ule.

Mchangiaji, Arusha

Na hao wa miaka milioni 252, mbona hamtaji tindikali? Kaboni ya volkano iliingia baharini pia, ikaongeza tindikali majini.

Mleta mada

Iliingia, kaka. Lakini hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha joto na upungufu wa oksijeni peke yake vinaeleza zaidi ya nusu ya vifo vile. Tena zilitabiri kwamba viumbe wa karibu na ncha za dunia wangeangamia zaidi, kwa kukosa maji baridi ya kukimbilia, na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika miambani, vikakubaliana nazo. Tindikali ichukue sehemu iliyobaki. Na tukumbuke bahari ya leo imeshapoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake tangu miaka ya 1960, kwa hiyo swali hili si la kale peke yake. Dada wa Usa River, bado nakusubiri: kwa nini Kambria, na si mapema zaidi?