Mjadala: Jiji la Nakuru liombe ruzuku ya serikali kuu kukarabati bustani zake?

Mkazi wa Section 58 (mwenye mada)

Wadau, naleta hoja moja na naomba tuichambue bila matusi na bila hesabu za uchaguzi wa 2027. Je, jiji letu lipige hodi kwa serikali ya kitaifa kuomba ruzuku ya kutengeneza bustani na viwanja vya wazi, au lijitegemee kwa mapato yake?

Msimamo wangu nautoa mapema ili msiseme najificha: waombe. Ila wasiombe kiholela.

Tuanze na sheria kwa sababu najua wengi watakimbilia huko. Jedwali la Nne la Katiba limeweka bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani mikononi mwa kaunti. Anayetaka Rais aje atuwekee mabenchi Nyayo Gardens, bustani yetu ya katikati ya mji, amebisha mlango usio wake. Lakini Kifungu cha 202 kinaruhusu serikali ya kitaifa kuziongezea kaunti pesa kutoka fungu lake yenyewe, zenye masharti au zisizo na masharti. Mlango huo upo wazi na tumeshaupitia: uwanja wa michezo wa Afraha ulianza kujengwa upya kwa pesa za KUSP, ule mpango wa kusaidia miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Awamu yake ya kwanza ilikuwa dola milioni 300 kwa kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikaachwa nje. Mji ukitaka kuingia ilibidi uwe na hati yake ya hadhi ya mji, bodi, meneja na fungu lake katika bajeti. Pesa za ujenzi zilielekezwa kwa taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara pamoja na njia za miguu na taa, miundombinu ya kijamii na kiuchumi, na zimamoto. Bustani ina nafasi humo bila kulazimishwa.

Na haja tunayo. Tulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 570,674 mjini. Sasa niambieni, mtoto anayetaka kucheza bila kulipa, bila kufukuzwa na bila kukwepa bodaboda ataenda wapi? Mgeni husema, "Lakini nyinyi mna mbuga!" Mbuga ya Ziwa Nakuru ni ya taifa, ina ua wa umeme na kiingilio langoni. Mtoto wa mtaa wa Rhonda anaishi karibu na faru kuliko anavyoishi karibu na bembea.

Kinachonitia wasiwasi ni kimoja: ruzuku hujenga, haifagii. Mwanakandarasi akishalipwa, nani atamwagilia nyasi? Nani atanunua kufuli ya choo? Hapo ndipo nataka tujadili.

Fundi wa Kaptembwa

Nimesoma mpaka mwisho, ndugu yangu, na bado napinga. Mvua ikinyesha usiku, maji yanashuka kutoka upande wa mlima Menengai yakitafuta ziwa, na katikati ya Menengai na ziwa ni sisi. Tunaamka tukitoa matope nyumbani kwa sufuria. Halafu mnataka tupeleke Nairobi barua ya kuomba maua? Nyinyi wa Section 58 mna lami na taa. Ombeni mitaro. Bustani itangoja.

Mhasibu wa Lanet

Fundi amesema la moyoni, mimi nitasema la daftari.

Moja, tusidanganyane kwamba hii ni pesa ya bure. Hizo dola milioni 300 ni mkopo ambao Hazina ya Kitaifa ilichukua. Kaunti inapokea ruzuku, taifa linabaki na deni, na walipa kodi ni walewale.

Pili, pesa zenyewe hazina tarehe. Mgao wa nyongeza una sheria yake, na sheria hiyo Seneti na Bunge la Taifa huivutania hadi mwaka wa fedha unazeeka. Mnakumbuka mvutano wa Sh10.5 bilioni za ushuru wa barabara? Waliobishana walikuwa Nairobi, waliokaa bila pesa walikuwa kaunti.

Tatu, Nakuru si kaunti maskini. Katika mgao wa kitaifa tunapata zaidi ya Sh13 bilioni kwa mwaka, wa pili baada ya Nairobi. Ukiongeza ushuru wa maegesho, ada za masoko na leseni, mnaniambia hatuwezi kununua mabenchi na kupanda miti?

Mkazi wa Section 58

Fundi, naona tunapigania kitu kimoja bila kujua. Kiwanja cha wazi kikitengenezwa vizuri ni sehemu ya mtaro. Unakishusha kidogo chini ya usawa wa barabara, unapanda nyasi na miti, mvua kubwa ikija maji yanatulia pale saa kadhaa badala ya kuingia kwako. Siku za kavu watoto wanacheza mpira. Ombi la mitaro na ombi la kiwanja yanaweza kwenda katika karatasi moja, maana mpango ni uleule. Ukiomba bustani peke yake utaambiwa ni anasa. Ukiomba mtaro peke yake utachimbiwa shimo la zege ambalo baada ya miezi sita limejaa chupa za plastiki.

Mhasibu, la deni nakubali. Lakini deni hilo tutalilipa hata tusipoomba. Tukikaa kando, pesa zitaenda Eldoret na Thika, na kodi yetu itaenda nazo.

Mpima ardhi, Free Area

Tahadhari kabla hamjashusha viwanja chini. Tumekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya udongo wa majivu ya volkano. Kuna sehemu za mji huu ambapo mvua kubwa hufungua nyufa na mashimo ya ghafla. Kutuamisha maji juu ya ufa ni kuchimbia nyumba za jirani. Wazo si baya, ila kila kiwanja kipimwe kivyake, na gharama ya upimaji iandikwe ndani ya ombi, isije ikawa ndiyo inayokatwa kwanza pesa zikipungua.

Kijana wa mtaa wa Shabab

Mtawekewa bango lenye picha ya kiongozi na mabenchi manne. Mabenchi mawili yataibwa. Nimemaliza.

Mama mboga, mjini

Naomba niulize swali ambalo hakuna aliyeligusa. Mkikarabati, sisi mnatuweka wapi?

Kila nikisikia neno "kupendeza" kuhusu mji, najua kanjo, askari wa jiji, wako njiani. Bustani inafungwa kwa mabati kwa ukarabati, tunaambiwa tusogee kwa muda. Ikifunguliwa ina ua na lango na askari, na kibao "Uchuuzi Umekatazwa". Wanaokuja kukaa pale wanataka chai, wanataka ndizi, wanataka karanga. Watanunua kwa nani? Mkumbuke Kisumu, Oile: wauzaji waliondolewa, pakawa bustani. Kama ombi lenu litakuwa na mchoro wa miti bila mchoro wa vibanda, mimi na wenzangu tutakuja kwenye kikao cha maoni ya umma kupinga, tena tutakuja asubuhi mapema kabla ya viti kuisha.

Jirani kutoka Nyalenda, Kisumu

Mama, umetutaja, kwa hiyo nami nitasema kidogo.

Kweli, kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika wa Mei 2022, mji wetu uliondolewa vibanda vingi, na kuna watu ambao hawakurudi kwenye biashara. Hilo siwezi kulipaka rangi. Lakini nisiseme nusu. Jioni nenda ukaone: wanafunzi wanasoma chini ya miti, wapiga picha wanatafuta riziki, wazee wanabishana habari za Gor Mahia bila kununua soda ili wapewe kiti. Miaka kumi iliyopita mtu wa kawaida katikati ya Kisumu, akichoka, alikuwa anakaa kwenye ngazi ya duka mpaka afukuzwe.

Kosa letu lilikuwa mfuatano wa mambo. Wauzaji waliambiwa waondoke kwanza, ndipo likaja swali la pa kwenda. Nyinyi mna nafasi ya kugeuza. Vibanda vijengwe kwanza, watu wahame wakiviona kwa macho, kisha mabati yawekwe.

Jambo jingine: tarehe ya mgeni isiwe ndiyo inayopanga kazi. Bustani inayokimbizwa iwahi mkutano hupandwa nyasi wiki ya mwisho, na nyasi haina habari na ratiba ya Rais.

Mwalimu mstaafu, Milimani

Vijana, nimewasoma kwa furaha, ila mmeruka la msingi. Mnapanga kukarabati ardhi ambayo hamjaniambia hati yake iko wapi.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchi nzima, bustani na viwanja vya michezo vikiwemo. Na Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, alidhihakiwa bungeni na ofisi zake zikachukuliwa. Bustani ile ilikuwa katikati ya mji mkuu, machoni pa mabalozi na waandishi wa habari wa dunia nzima. Kiwanja cha mtaa kama Kivumbini au Flamingo kitalindwa na nani siku mtu akija na karatasi yake?

Mnaweza kutumia ruzuku kusawazisha kiwanja, kukiwekea maji na taa, na mkawa mmemtengenezea mnyakuzi thamani ya ploti. Kwa hiyo mimi naweka sharti: kiwanja kisicho na hati iliyosajiliwa kwa jina la kaunti kwa niaba ya umma kisiingie katika ombi. Kiingie kwanza katika orodha ya kupimwa na kusajiliwa. Kazi hiyo haihitaji Benki ya Dunia, inahitaji afisa wa ardhi atoke ofisini.

Dada wa Langa Langa

Nawashukuru wote, lakini hebu tuongee mambo madogo ambayo wanaume hamuyaoni. Choo. Maji ya kunawa. Taa inayowaka hadi saa tatu usiku. Njia ambayo kiti cha magurudumu kinapita bila kubebwa na watu wanne. Bila hivyo, bustani itakuwa ya vijana wa kiume kuanzia saa kumi jioni, sisi tutaipita kwa haraka tukishika mikoba. Na choo kikiwa cha kulipia, basi watoto wasilipe.

Mhasibu wa Lanet

Narudi, na safari hii nitasogea kidogo, maana swali la kufagia mwenye mada alilouliza bado halijajibiwa, na jibu lake liko katika bajeti.

Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Ujenzi wa bustani unahesabiwa hapo. Mfagiaji, mlinzi, maji, mafuta ya mashine ya kukata nyasi, vyote ni matumizi ya kawaida, na upande huo ndio uliojaa mishahara. Kwa hiyo bustani huzaliwa katika fungu lenye pesa na kulelewa katika fungu lisilo na pesa. Ndiyo maana zinakauka. Si lazima mtu awe ameiba.

Nitakachokubali ni hiki. Bodi ya jiji ioneshe, kabla ya kuomba shilingi moja, fungu la matunzo la kila bustani, lenye jina la bustani, ndani ya makadirio yake. Kodi ya vibanda vya akina mama na ada ya choo ziingie katika fungu hilo, zisipotelee katika akaunti kuu. Tukiwa na hilo naunga mkono ombi. Tusipokuwa nalo, ninyi ombeni, mimi nitaandika barua ya kupinga, na nitaambatisha picha za bustani zilizokauka.

Kijana wa Shabab

Mhasibu amesema mabenchi yangu mawili kwa lugha ya bajeti.

Mkazi wa Section 58

Kijana, leo umeshinda.

Nimebadilika hapa: nilikuja nikiwaza Nyayo Gardens na sehemu za katikati ya mji. Sasa naona ombi lianze mitaani, kwenye viwanja vitatu au vinne vyenye hati, vilivyo kwenye njia ya maji, na vibanda viwe ndani ya mchoro. Katikati ya mji patapata pesa tu, pana macho ya wakubwa. Kwa Mwalimu sina la kuongeza. Kwa Mhasibu, naafiki fungu la matunzo litangulie, ingawa naogopa tukisubiri kila kitu kikamilike tutasubiri hadi dirisha lifungwe.

Na madirisha yana tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Kiwanja kisichotajwa katika mpango wa Septemba hakitazaliwa kimiujiza Aprili. Ndiyo maana naomba kila mtu ataje hapa kiwanja cha mtaa wake: kiko wapi, nani anakitumia, maji hupita au hayapiti, na kama kuna mtu ameshaanza kukizungushia ua. Nitakusanya tupeleke kwa bodi ya jiji kama maoni ya maandishi. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.

Fundi wa Kaptembwa

Kuna kimoja nyuma ya kwetu, vijana huchezea mpira, na maji hupita katikati yake kila masika. Hati sijui, nitamuuliza chifu kesho. Lakini katika hiyo barua andika mtaro mstari wa kwanza, bustani mstari wa pili. Nikiona imeandikwa hivyo, nitatia sahihi na kukuletea wengine wa ploti yetu.