Hilux Vigo dabo kabini inarusha sana nyuma kwenye rasta, nianzie wapi?

Kijana_wa_Monduli:
Habari zenu wakuu. Nina Vigo dabo kabini ya dizeli, 4x4, nimeinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anabebea mahindi na saruji. Mbele haina neno, shida ni nyuma. Nikiwa sina mzigo, hasa ile njia ya vumbi ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Natron, nikikuta rasta, yale matuta madogo madogo yaliyofuatana, mkia unahama kabisa na waliokaa siti ya nyuma wanateseka, bi mkubwa ana shida ya mgongo na safari iliyopita alishuka hata kunyooka hawezi. Fundi mmoja kasema ninunue shokapu za gesi, mwingine kasema nitoe pleti za springi, wa tatu anataka nifunge maputo ya hewa ya kusaidia springi. Hela ipo ila sio ya kuchezea. Matumizi yangu ni familia na vifaa kidogo, wakati wa mavuno ndio napakia magunia matano sita hivi. Kipi kinaanza?

FundiChesisi:
Mkuu mpe pole bi mkubwa. Usinunue kitu kwanza, ingia chini ya gari. Pikapu kama hiyo springi zake zimetengenezwa zibebe karibu tani, kwahiyo ikiwa tupu ugumu kidogo ni wa kawaida, ila kuhama mkia na kuumiza watu hapana, hapo kuna kitu. Waliokuwa wanabeba saruji wengi wanaongeza pleti za Canter au Fuso, utazijua tu, upana au unene hauendani na zenzake, ncha zimekatwa kwa gesi, na yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimekuwa ndefu zimetokeza chini. Tafuta Vigo ambayo haijaguswa uzihesabu pleti zake ulinganishe na zako. Alafu cheki shakeli, ile inayoshika springi kwa nyuma. Gari ikiwa tupu inatakiwa upande wake wa chini uwe umelala kidogo kuelekea nyuma, sababu springi ikibonyea inarefuka na shakeli ndio inaipa nafasi. Ukikuta imesimama wima au imeelekea mbele jua springi imepinda kupita kiasi, kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye chesisi, hapo hata ufunge shokapu za bei gani mgongo wa mama hautapona.

Dereva_Kaskazini:
Naongezea, upepo jamani. Watu wanajaza 40 PSI tairi za nyuma gari tupu alafu wanalaumu springi!! Soma bandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale wameandika upepo wa kiwandani, anzia hapo, na ukiingia kwenye rasta ndefu punguza tena kidogo na mwendo upunguze, ukirudi lami jaza, tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa lami inachemka inapasuka. Na kama ulifunga zile tairi za plai 10, za mzigo mzito, jua kuta zake ni ngumu.

Shokapu nazo zina kipimo rahisi, ukitoka kwenye rasta simama uziguse kwa tahadhari, inayofanya kazi inakuwa na joto, ukikuta moja ya moto na mwenzake imepoa basi iliyopoa imekufa. Ukiona mafuta yamechuruzika na vumbi limegandia hapo huna haja hata ya kupima.

Kijana_wa_Monduli:
Wakuu asanteni sana, nimeingia chini leo. Kila upande kuna pleti mbili rangi yake tofauti kabisa na nyingine, nene, na ncha zimekatwa ovyo. Shakeli zimesimama wima. Bushi za springi, zile za mpira kwenye matundu ya ncha zake, mpira umekatika, nikitikisa na mtaimbo chuma kinagonga chuma. Shokapu ya kulia inavuja. Upepo ulikuwa 42. Sasa nikitoa hizo pleti mavuno itakuwaje?

FundiChesisi:
Magunia sita ya kilo 100 ni kilo 600, springi zake zenyewe zikiwa nzima zinabeba, ila siku hiyo usijaze na watu, abiria nao ni uzito. Toa zilizoongezwa tu, za kiwandani usiguse. Ile nene ya chini kabisa iliyonyooka iache, hiyo ni ya mzigo, gari ikiwa tupu ncha zake zinakuwa na uwazi na pleti ya juu yake, ukikuta zimeshagusana basi za juu zimechoka na utahitaji springi nyingine. Na asikudanganye mtu azipashe moto azikunje upya kienyeji, chuma kinapoteza ugumu wake, kinakatikia njiani.

Yu-bolti nunua mpya. Bushi za mpira mwambie fundi asikaze mwisho gari ikiwa juu ya jeki, aishushe ikae kwa uzito wake ndio akaze, la sivyo mpira unabaki umejipinda muda wote na unachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza zikazwe tena yu-bolti. Kama gari yako ina ile valvu ya breki yenye kifimbo kinachoshuka kwenye ekseli, irekebishwe pia, inapima umbali wa ekseli na chesisi kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani, na kimo cha gari kitakuwa kimeshuka.

Shokapu nunua jozi, sio moja.

Boss_Kajiado:
Hiyo ya maputo ya hewa achana nayo bro, hiyo ni ya mtu anabeba mzigo mzito kila siku. Kwa gari ya springi za pleti uzito unaangukia sehemu moja ya chesisi, na dabo kabini bodi imetokeza nyuma ya ekseli, nimeona chesisi imepinda hapo kati ya kabini na bodi. Ikifika ni lazima ununue springi, Old Man Emu wa Australia wanauza kulingana na uzito unaobeba, wewe chukua ya mzigo mwepesi, usiuziwe ile ya mzigo mzito eti ni imara zaidi.

Kijana_wa_Monduli:
Nimeelewa. Jumamosi nampelekea fundi atoe hizo pleti, bushi na yu-bolti nanunua kesho. Shokapu za mafuta au za gesi?

Dereva_Kaskazini:
Za gesi kwa njia ile, rasta ndefu zinachemsha mafuta yanatoa povu na shokapu inalegea. Ila usichukue za gari iliyonyanyuliwa, urefu uwe wa kawaida.